Msamba wa Nahodha

Walimwita Ulimbo, kwa sababu winga akishanaswa naye ndo basi tena, hachomoki. Beki wa kushoto, nahodha, miaka thelathini na tatu. Mchana ni fundi vigae, anachuchumaa kutwa kwenye mabafu ya watu, jioni mazoezi. Na kabla ya mazoezi lazima apige msamba. Anateleza taratibu, mguu huku mguu kule, mpaka kaptula inagusa sakafu.

"We mzee huna mifupa!" wenzake wanapiga kelele.

"Ninayo. Leo nimeiacha nyumbani."

Wanacheka. Asichowaambia ni kwamba miezi mitatu sasa kinena cha kulia kinamuuma kama kimechomekwa msumari. Akikohoa, kinauma. Akijigeuza kitandani, kinauma. Mkewe aliuliza, akaambiwa ni uchovu tu, mama watoto. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: panapouma pamekaza, na palipokaza panavutwa. Basi msamba mmoja ukawa kumi, kumi ikawa thelathini. Anajifungia kwenye bafu la mteja, kaung'ata mkono wa shati asisikike.

Jumamosi ilikuwa fainali, ya kwanza maishani mwake, na msimu huu alishasema ndio wa mwisho. Alhamisi akaja daktari wa viungo, dada mmoja asiye na maneno mengi, kuwapima wachezaji chumba cha kubadilishia nguo. Ulimbo akajitokeza wa kwanza, akapiga msamba bila hata kuombwa.

"Nimeona, kaka. Nyonga zinafunguka vizuri. Sasa simama."

Dada akabandika utepe sakafuni, mistari mitatu inayoanzia sehemu moja. Unasimama hapo kwa mguu mmoja, mwingine unaupeleka mbali uwezavyo kufuata kila mstari. Akasimamia wa kushoto, safi. Akasimamia wa kulia, goti likaanza kutetemeka, nyonga ikalala upande, akadaka ukuta.

"Sakafu yenu imepinda hii," akatania.

Hakuna aliyecheka. Vigae vya sakafu ile aliviweka yeye.

"Huo msamba unapiga mara ngapi kwa siku?" dada akauliza.

"Thelathini."

"Kaka yangu. Hapo pameumia, na wewe unapavuta kila siku. Kulainika umelainika. Nguvu ya kukushikilia ndiyo hamna."

Kocha akaingilia. "Dokta, huyu nahodha. Andika yuko fiti, tutamfunga bandeji."

Kalamu ya dada ikabaki hewani. Ulimbo akarudi katikati ya mistari, akajaribu tena. Akaanguka chini. Hakuinuka. Alikaa palepale akigonga kigae kwa kidole, kama anavyogonga kazini kusikiliza kama chini kuna uwazi. Kigae kinachocheza hakifunikwi saruji kwa juu. Kinang'olewa, hata kiwe kizuri vipi.

"Andika siwezi," akasema. "Na wewe kocha, tafadhali usinibembeleze. Nitakubali."

Jumamosi alimfunga golikipa kitambaa cha unahodha kwa mikono yake mwenyewe, akakaza fundo mara mbili. Mpira ulipoanza, jukwaa zima likasimama kuimba. Yeye alikuwa nyuma ya benchi, kasimamia mguu wa kulia, kidole kimoja kwenye uzio, macho uwanjani, anahesabu kimoyomoyo. Akafika nane, mguu ukakataa. Akashusha wa kushoto, akafuta uso kwa jezi, akaanza tena moja.