Antena za Mgombani

Niliolewa Kinyala miaka ile ya soko huria, redio za Dubai zilipojaa madukani Tukuyu. Nilikuwa nasomea fizikia, na mwalimu wangu chuoni alitaka nimletee kitu kimoja tu: ishara ya kweli kutoka angani. Kuna chembe zitokazo mbali sana, hupiga hewa huko juu, zikapasuka na kushuka kwa wingi kama manyunyu. Penye utulivu, pasipo umeme wala injini, antena huweza kunasa mpigo wao mfupi wa redio. Bila mpigo huo, shahada ningeisikia kwa wenzangu.

Kijijini hapakuwa na hata jenereta, na baba mkwe alikubali nitumie shamba lake la migomba. Jibu lilipitia kwa mama mkwe, kwa sababu kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto hamtazami baba mkwe wala hasemi naye. Ukisikia anakuja, unaacha njia unajificha. Mimi msomi niliona upuuzi mtupu, ila nilijificha.

Nikasimamisha nguzo kando ya njia, nikaifungia waya za antena tatu, nikaketi kibandani na betri ya gari na skrini ndogo. Hazikupita siku nyingi, mstari wa skrini ukaruka. Kesho yake tena, antena zote kwa pamoja! Nilicheka peke yangu kama mwehu, nikajiona nimeshahitimu.

Kisha mstari ukalala. Nikakaza nati, nikabadilisha betri, nikagombana na kila mtu. Mama mkwe aliponiambia subira yavuta heri, nilitamani kumrushia bisibisi.

“Hakuna kinachopiga, mama,” nikamwambia.

Akaacha kumenya ndizi. “Nani apige, naye yuko kitandani tangu Jumapili? Baba yako alikuwa anaigonga nguzo yako kwa fimbo kila akipita. Ili ujue anakuja, mwanangu, usifedheheke njiani.”

Niliketi chini palepale. Nguzo ikigongwa, waya zote hutikisika. Shahada ilikuwa imekwenda arijojo, lakini niliona aibu kuliko hasara. Mzee yule alinistahi kila siku, nami nilimdharau.

Nikazunguka nyuma ya chumba alimolala, nikasema kupitia ukutani, “Ndaga fijo, tata.” Asante sana, baba. Baadaye mama mkwe akatoka, akasema mzee analia.

Tulimzika wiki ileile. Sura yake sikuwahi kuiona.