Bibi na Macho ya Mheshimiwa

Bibi yangu, mzaa baba, anashona sare za shule sebuleni kwetu, na ulimi wake unachoma kuliko sindano zake. Simvunjii heshima, yeye mwenyewe anajua. Mteja akichelewa kufuata sare anaambiwa asubiri kidogo, mtoto akioa atashonewa suti. Mama yangu, mkamwana wake, ndiye anayechomwa zaidi, kwa sababu yuko karibu na hajibu.

Nyumba nzima kuna mtu mmoja tu ambaye hajawahi kusemwa: mdogo wangu wa miaka sita. Bibi alimpa jina la Mheshimiwa. Sisi wengine tuna macho makavu, anasema, lakini Mheshimiwa hakuwahi kumkazia macho mtu mzima. Ukimwita anainamisha kichwa, anakutupia jicho la pembeni, kisha anaendelea kuzungusha kifuniko chake cha chupa.

"Huyu ndiye aliyelelewa," Bibi aliwaambia wateja, kisha akaninyooshea mimi kidole. "Hawa wengine wamefugwa."

Kwa hiyo daktari aliposema Mheshimiwa ana usonji, Bibi aliona ametukanwa yeye. Alisema Mama amezunguka hospitali zote kutafuta ugonjwa mpaka ukamhurumia ukaja. Baba akisikia sauti zinapanda hukumbuka kuna kitu cha kununua dukani. Siku ile alikwenda kununua kiberiti. Nyumbani kwetu viberiti havijawahi kuisha.

Shule nayo ikamkataa Mheshimiwa. Alijikwaa ngazini, alimimina maji pembeni ya kikombe, na penseli yake ilipita juu ya mstari kama haukuwepo. Daktari akatuelekeza kwa dada mmoja anayefundisha watoto mazoezi ya macho, kwenye chumba kilicho nyuma ya duka la miwani. Nilimwomba Mama anichukue, maana nilitaka kuona jicho linafanyishwaje mazoezi.

Chumba kilikuwa na mkeka, mstari wa utepe mwekundu sakafuni, vikombe vyenye maharage, na mpira uliofungwa kwa kamba darini. Yule dada hakukaa mbele ya Mheshimiwa. Alikaa ubavuni kwake, akausukuma mpira taratibu, wote wawili wakautazama kama watu wanaotazama mvua. Alituambia macho ya Mheshimiwa ni mazima ila hayashirikiani, kila moja linakwenda na lake, ndiyo maana hajui kitu kiko karibu au mbali. Alisema wazi kwamba mazoezi hayaondoi usonji, na kwamba wapo watoto ambao hayawasaidii. Lakini bila kufanya nyumbani kila siku ni kazi bure, na watoto wanaosubiri ni wengi. Tukirudi bila kuyafanya, nafasi angempa mwingine.

Sasa mchana nyumbani anabaki nani na Mheshimiwa? Bibi.

Jioni ile Mama akaning'iniza mpira sebuleni na kubandika utepe sakafuni. Kesho yake nikarudi kutoka shule nikakuta kamba imekatwa, mkato safi wa fundi, na utepe umebanduliwa. Bibi hakukana. Alisema wanamfundisha mtoto kuwakodolea wakubwa macho, kwamba wamekosa cha kumharibu nacho ndio wameanzia hapo. Mama akafunga kamba upya. Bibi akaikata upya. Na siku hiyo Mama akajibu.

"Mama, mwaka huu asipopata shule, sare zote hizi utakuwa unawashonea watoto wa watu."

Cherehani ikasimama. Bibi akasema bora mtoto mjinga mwenye heshima kuliko msomi kama mama yake. Tangu hapo wakawa hawasemezani, mimi ndiye simu yao. Mwambie mama yako mboga ina chumvi. Mwambie bibi yako chumvi aliongeza yeye.

Siku moja kabla ya sisi kurudi kwa yule dada, Bibi alikuwa anakata sketi. Siku zote Mheshimiwa humletea mkasi na kuuweka kwenye kona ileile ya meza. Ila siku hiyo meza yote ilikuwa vitambaa, hivyo Bibi, bila kuinua kichwa, akanyoosha mkono. Mheshimiwa akaachia mkasi hewani, kama shibiri moja kutoka kiganjani. Ukaangukia mguu wa Bibi, ukauchana.

Nilidhani leo Mheshimiwa naye atasemwa. Bibi aliuacha mguu utoe damu, akamwekea chaki mkononi.

"Nipe."

Chaki ikaanguka. Bibi akaiokota, akausogeza mkono kushoto. Ikaanguka. Akausogeza karibu na kifua cha mtoto. Ikaanguka. Mheshimiwa alikuwa anajitahidi, nilimwona, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Bibi akaupeleka uso wake mbele ya uso wa mtoto, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya, na mtoto akageuka ukutani na kuziba masikio.

Kesho yake Bibi alitangulia kufika kituo cha basi, mguu umefungwa kitambaa cha sare. Mama hakuthubutu kuuliza. Yule dada akatuuliza kama tumefanya mazoezi. Bibi akamwambia kamba aliikata yeye, na maswali mengine yote aulizwe yeye, si Mama.

"Kwa hiyo miaka yote hii," akasema, "huyu mtoto hakuwa ananiheshimu?"

"Sijui, Bibi. Mimi napima macho. Huenda uso wa mtu unamzidi ndiyo maana anaukwepa. Mimi simlazimishi, na wewe usimlazimishe."

"Sijakuuliza unalazimisha nini."

Bibi alitoka nje akakaa kwenye benchi, akayakataa maji niliyompelekea. Mama akabaki ndani akiomba tusinyimwe nafasi. Yule dada akatupa nafasi mpaka tutakaporudi tena, basi.

Mpira ukarudi sebuleni, na safari hii fundo alilifunga Bibi. Msidhani alilainika. Alikaa ubavuni kwa Mheshimiwa kila siku baada ya chai, akausukuma mpira na huku akimtukana yule dada, mwenye duka la miwani, shule, na mimi niliyeshika kamba isiyumbe sana, kama aliyeshika mkia wa nyoka. Mheshimiwa alifuata mpira kwa macho. Mara nyingine alilala chini akakataa, Bibi akasubiri, akishona kwa hasira.

Juzi Mheshimiwa aliokota chaki. Bibi akanyoosha mkono. Mtoto akasimama, akautazama ule mkono kwa muda mrefu, akaiweka chaki katikati ya kiganja. Mama alikuwa mlangoni na ndoo, akasahau kuiweka chini.

Bibi akafunga kiganja. Kisha akakifungua, akamrudishia chaki.

"Haya, rudia. Na mtu mzima hapewi kitu kwa mkono wa kushoto."

Mama akamkumbusha kwamba dada alisema mtoto asilazimishwe.

"Macho ni kazi ya huyo dada," Bibi akasema, moja kwa moja kwa Mama, bila kunituma mimi. "Adabu inaonekana hakuna aliyemfundisha. Sogea hapo mlangoni, unanizibia mwanga."

Mama akasogea. Mheshimiwa akahamishia chaki mkono wa kulia, akaanza upya kuutafuta mkono wa Bibi.