Kiboga Nilichokifunga kwa Ukindu

Kila ninapomenya majani ya maboga, utomvu ukaninata vidoleni, namwona bibi yangu kachuchumaa shambani kwake Makurunge, kisu mkononi.

Wiki ile mama alikuwa amekwenda Mkange kwa mume wake mpya. Alimchukua mdogo wangu, mimi akaniacha kwa bibi. Hakuna aliyenieleza sababu, nami niliogopa kuuliza.

Bibi aliyageuza matawi ya maboga yatambae upande wenye samadi, akayafukia udongo kwenye vifundo ili yaote mizizi. Kisha akavunja ncha zake, akazitia kapuni ziwe mboga ya jioni. Kwa kila shina alibakisha kiboga kimoja tu, vingine akavikata.

"Bibi, hivi vimekosa nini?"

"Havijakosa kitu, mjukuu wangu. Shina moja haliwezi kulea vyote."

Nilikitazama kilichobaki, nikavitazama vilivyolala mchangani. Sikujua mimi nilikuwa kipi. Bibi alipogeuka, niliokota kimoja, nikakifunga kwa ukindu palepale kilipokatwa.

Siku ya tatu alikikuta kimesinyaa. Hakunigombeza. Alikifungua ukindu taratibu, kama anayefungua kidonda, akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula.

Kwenye shina lile boga lilikua mpaka likanishinda kulinyanyua. Nilidhani tutalila pamoja, bibi na mimi. Lilipokomaa, alilipakia juu ya punda, akampelekea mama Mkange.

Mimi niliambiwa nibaki nilinde shamba.