Bunduki na Bastola Zinakula Risasi Moja kwa Verna Tollefsrud

Kumepambazuka, na theluji ya Aprili bado imeshikilia paa la kibanda kilicho nyuma ya nyumba. Ndani, Verna Tollefsrud anavuta mkono wa mashine, anauachia, anachukua risasi iliyokamilika na kuiinua kwenye mwanga wa dirisha. Anaijaribu katika silinda iliyong'olewa kwenye bastola. Inaingia bila kusukumwa.

"Mbovu moja tu ikitoka hapa, kuna mtu hatarudi nyumbani na macho yote mawili," anasema bila kugeuka.

Verna ana miaka sitini na saba. Alichunga ng'ombe wa watu huku Cutter Creek, Montana, mpaka farasi alipomwangukia na kumvunja nyonga. Tangu hapo anaishi kwa kujaza risasi: anasafisha maganda yaliyokwisha kupigwa, anayarudisha umbo lake, anayatia fataki mpya ya kuwashia, baruti na kichwa cha risasi.

Wateja wake ni wachungaji wa ng'ombe wenye bunduki ya wenzo, ile inayokokiwa kwa mkono wa chini, kwenye tandiko na bastola kiunoni, nao hawataki kubeba risasi za aina mbili. Lakini ndani ya bunduki risasi hulala kwenye bomba, moja nyuma ya nyingine, hivyo kichwa lazima kiwe bapa kisije kikagonga fataki ya iliyo mbele yake. Kwenye bastola, mshindo wa kupiga hukisogeza kichwa mbele kisipobanwa vizuri, na silinda ikagoma kuzunguka.

"Huyu ana matakwa yake, yule ana yake," anasema. "Mimi ndiye mshenga."

Vuli iliyopita, bastola ya jirani yake, Orrin Haugland, ilipasuka mkononi. Orrin alitoka hospitali mkono umefungwa, mdomo umefunguka. Kila baa aliyoingia alisema risasi ilikuwa ya Verna. Theluji ya kwanza ilipoanguka, hakuna gari lililosimama tena mlangoni kwake.

Sigurd, mdogo wake Verna, alikuja na kufuli. Alimwambia dada yake kwamba umri umempita, bora kibanda kifungwe kabla mtu hajafa.

"Nilimwambia akafunge nalo mdomo wa Orrin," anakumbuka Verna.

Hata hivyo, alipobaki peke yake aliogopa. Huenda kweli mkono wake ulikosea. Akaenda kwa Bergit, mke wa Orrin, kumwomba boksi la risasi alizokuwa amemjazia Orrin. Nusu ya risasi hizo alizifungua moja moja na kupima baruti. Zote zilikuwa sawa.

Nani angemwamini? Siku ya mnada wa ng'ombe, alisimama mbele ya watu na kuwaambia wamfuate kwenye uwanja wa shabaha nyuma ya mazizi. Sigurd alimsihi aache. Orrin naye alikuja, akasimama mbali.

Verna alijaza bunduki yake risasi zilizobaki za boksi la Orrin, akaiweka shavuni na kupiga. Akaendelea, wenzo ukilia, makopo yakiruka. Zilizosalia alizipiga kwa bastola. Kisha akamfuata Orrin, akamwaga maganda kwenye kiganja chake kizima.

"Bado yana moto. Haya, sema tena."

 Aliyesema ni Bergit.

"Waambie, Orrin. Risasi uliyopiga siku ile uliijaza mwenyewe mezani kwangu, macho kwenye mpira wa televisheni. Nilikuuliza kama umetia baruti mara mbili, ukaniambia nipike."

Watu walitazama chini. Sigurd alivua kofia, akabaki ameishika. Kabla mnada haujaisha, wachungaji wawili walikuwa wamemwachia Verna maganda yao.

Wateja wamerudi, si wote. Orrin hajaomba radhi. Mwezi wa pili alimtuma Bergit na mfuko wa maganda matupu. Verna alimnywesha Bergit kahawa, akamkatia kipande cha pai, kisha akamrudishia mfuko.

"Aje mwenyewe," anasema. "Mlango anaujua."

Barafu ikiyeyuka, anataka kusimamisha kibao kando ya barabara kuu, chenye jina lake lote. Sigurd, ambaye sasa humchotea maji ya kuoshea maganda, anashauri kiwe kidogo, watu wasichokozeke.

Verna anacheka. Mbao amekwisha kununua.

"Nataka herufi ambazo Orrin atazisoma bila miwani," anasema, "tena akiwa anaendesha."