Chupa ya Baba

Baba alipotoka hospitali ya mjini, baada ya kukatwa uvimbe kwenye kibofu, alirudi nyumbani kwetu Likoni na chupa tupu yenye kizibo cha mpira. Daktari, Mzungu aliyekuwa akichunguza maradhi hayo, alimweleza kwamba uvimbe wa namna ile hupenda kurudi. Alikuwa akitafuta dalili ndani ya mkojo itakayomwonya mapema, kabla damu haijaonekana tena. Kila mwezi alitaka chupa moja.

"Kashanikata, kashanishona. Sasa mkojo wangu yuwautakiani?" baba alimuuliza mama.

Mama aliichukua chupa akaiweka dirishani.

Mimi, binti yao niliyekuwa nimeachika mwaka ule, ndiye niliyepewa kazi ya kuvuka na chupa. Niliifunga kwenye leso na kuibana kwapani ndani ya feri, nikihofia kuulizwa nimebeba nini. Majirani walishaanza: mara mkojo unapelekwa Ulaya, mara unatengenezewa dawa ya kuwazuia wanaume kuzaa. Niliwacheka, lakini nikifika maabara nilikodoa macho nione unawekwa wapi.

Mwezi wa tatu wa kazi hiyo, mpimaji, bwana mmoja wa Kigiriama mwenye miwani, aliinua uso kutoka kwenye darubini.

"Dada, huu si mkojo wa baba yako."

"Ni wake. Nimeutoa nyumbani mwenyewe."

"Chembe hizi ni za mwanamke. Na za mwezi uliopita pia."

Nilijua wamechanganya chupa wenyewe, sasa wananisingizia. Nilirudi nimefura. Baba aliapa wallahi kwamba alijaza chupa kwa mkono wake na kuiacha dirishani. Tukatazamana, kisha sote wawili tukamgeukia mama, aliyekuwa akikuna nazi.

"Nimeumwaga," alisema bila kuinua kichwa. "Nikatia wangu. Mtu akiwa na kitu kilichotoka mwilini mwako, kashakushika. Basi na wanishike mimi."

Baba alitaka kufoka, kisha akamwambia aje akajionee mwenyewe.

Kesho yake asubuhi tulivuka sote watatu. Mama alimwomba mpimaji amwonyeshe ule mkojo aliotia yeye. Akainama na buibui lake juu ya darubini, akakaa hapo kwa muda mrefu.

"Naona kama mayai ya samaki. Na ukishatazama, wamwaga wapi?"

Bwana yule akampeleka kwenye sinki na kumwaga mbele yake. Mama alisimama hapo mpaka bomba lilipofungwa. Ndipo akamruhusu baba ajaze chupa.

Tulipoitwa tena, daktari alisema ameona chembe mbaya. Baba hakuwa na maumivu wala damu.

"Wanataka kunikata tena wapate cha kuandika," alisema, akakataa wiki mbili nzima.

Mama ndiye aliyemwendea. "Nenda, baba watoto. Miezi miwili nimekupotezea mimi. Usiniongezee mwingine."

Alikwenda. Walikuta uvimbe mdogo, kiasi cha punje ya choroko, wakauondoa.

Siku chache kabla ya uhuru daktari alifunga masanduku yake akarudi kwao, na kitabu alichoandikia habari za kila chupa akaondoka nacho. Mpimaji alibaki akitupokea, lakini hata yeye hakujua kama dalili ile ilithibitika kwa wagonjwa wengine. Baba aliishi miaka mingi baadaye, na uvimbe haukurudi. Hata hivyo, kila alipotoka msalani tulimwona amekunja uso, kama mtu aliyeambiwa na mkojo wake kwamba amepona, naye haamini.