Alizeti kwenye njia yangu

Leo alizeti zimenizuia kuingia ofisini.

Ile njia ya viti vya magurudumu pale ofisi ya mtaa, niliyoiombea kwenye mikutano mpaka sauti ikanikauka, nimeikuta imeanikwa alizeti juu mpaka chini. Mama mmoja anazigeuza kwa mguu.

"Shikamoo mama. Naomba kupita."

"Marahaba mwanangu. Mbona hapa hapapitagi mtu?"

Jamani, huyo mtu ni mimi. Ila kila nikija nakuta pikipiki, au magunia, au ndiyo hivi.

Hata kubishana nimechoka.

Akanihurumia, tena kwa moyo kabisa. "Jua kali hili. Ngoja nikuletee kiti ukae kivulini, zikikauka utapita."

Kiti!

Nyie mngemjibu nini?

Kiti ninacho tangu darasa la kwanza, mama yangu. Ninachokosa ni mlango.