Nitalifikisha Juu

Mwantum alikuwa mfungaji wa madumu katika kiwanda cha kukamua mafuta ya alizeti, nje kidogo ya mji wa Dodoma. Uongozi wa chama cha wafanyakazi hakuuomba, aliletewa na hasira zake. Alikuwa amemleta mama yake kutoka Kondoa kutibiwa macho, akaomba siku ya mapumziko, akapewa. Asubuhi wameshavaa, simu ikalia: malori ya mbegu yameingia kutoka Mlali, zamu imebadilika, njoo kazini. Mama akabaki kwenye chumba cha Mwantum, mtaani Chang'ombe, na kitenge chake cha safari. Mwantum alipofika kiwandani alimwambia msimamizi wa zamu, kwa sauti, yale ambayo wenzake walikuwa wakinong'onezana tu. Uchaguzi wa tawi ulipofika wakampa uenyekiti.

Dai lao kubwa lilikuwa moja: ratiba ya zamu ijulikane wiki moja kabla, na jambo hilo liandikwe kwenye mkataba wa hali bora kati ya chama na mwajiri. Mwajiri alimtuma Octavian, afisa utumishi, kijana mpole aliyemwita Mwantum dada. Alisikiliza kila kitu, akaitikia kwa kichwa, na kila hoja akaifunga kwa maneno yaleyale: "Hilo nitalifikisha juu."

Kikao cha pili, vivyo hivyo. Cha tatu kiliahirishwa wajumbe wakiwa wameshakaa. Katika cha nne Mwantum alishindwa kuvumilia.

"Kaka Octavian, wewe hapa leo unaweza kukubali kitu gani?"

Octavian alitazama mlango. "Naweza kukubali tarehe ya kikao kijacho, dada."

Obedi, katibu wa tawi, alicheka kwa dharau. Mwantum hakucheka. Aliona kijana naye amebanwa, na hilo lilimuudhi zaidi, maana hakujua amkasirikie nani.

Akabadilisha mbinu. Kama ratiba ya wiki haiwezekani, mwajiri aeleze kwa nini. Safari hiyo Octavian alirudi na jibu la kweli: kiwanda kilikuwa kinazungumza na mnunuzi mpya wa mashudu, yale makapi ya mbegu zilizokamuliwa, na mashine zingekwenda kwa oda zake, zisizojulikana mapema. Akamtaja. Akaomba jina lisitoke nje ya chumba kile. Wote waliahidi, Obedi akiwemo. Mwantum alirudi nyumbani akijisikia mwepesi. Hatimaye walikuwa wanazungumza.

Wiki haikuisha, jina la mnunuzi likawa kwenye kundi la wafanyakazi la WhatsApp. Alikuwa ameliweka Obedi.

"Watu wana haki ya kujua," alijitetea.

"Tuliahidi, Obedi."

"Tuliwaahidi akina nani? Hawa wanaotuzungusha?"

Mwajiri alivunja mazungumzo. Kisha wafanyakazi wakaanza kuitwa ofisini mmoja mmoja, kusaini kwamba ratiba ya sasa haina shida. Mwajabu, aliyefunga madumu pamoja na Mwantum tangu siku ya kwanza, naye alisaini.

"Ningefanyaje, dada? Mkataba wangu unaisha karibuni, na nina watoto."

Mwantum alipeleka mgogoro kwenye tume ya usuluhishi. Njiani Obedi alimsihi: "Habari ya kundi usiitaje. Waache waitaje wenyewe."

Msuluhishi alikuwa mama wa makamo, mtaratibu. Kabla ya kumgeukia mwajiri alimuuliza Mwantum: "Upande wenu, kuna ahadi mliyoivunja?"

Obedi alimkanyaga mguu chini ya meza.

"Ipo," Mwantum alisema. "Tulipewa siri, tukaitoa." Alieleza yote, na baada ya hapo akaeleza ya mwajiri: mjumbe asiye na uamuzi, vikao vya kuahirishwa, na watu kuitwa mmoja mmoja nyuma ya mgongo wa chama.

Msuluhishi aliweka kalamu chini. "Sheria haiwalazimishi kukubaliana," aliwaambia. "Inawalazimisha kujaribu kwa nia njema. Mkimtuma mtu asiyeweza kuamua, hamjajaribu. Mkikikwepa chama na kuwaendea watu wake, hamjajaribu. Na ninyi wa chama, mkitoa nje mlichoaminiwa, nanyi hamjajaribu."

Kikao kilichofuata alikuja mkurugenzi mwenyewe. Jambo lililosumbua miezi mingi lilimalizika mchana mmoja, na wepesi huo ulimchoma Mwantum kuliko ucheleweshaji wote. Ratiba itatolewa siku tatu kabla, isipokuwa msimu wa mavuno. Alibishana juu ya hilo "isipokuwa" mpaka mwisho, kwa sababu msimu ndio uliowatesa. Mkurugenzi hakusogea. Wanachama wakapiga kura, wakakubali kwa tofauti ndogo, na Mwantum akasaini.

Haikupita muda, waliopiga kura ya ndiyo wakaanza kusema mwenyekiti amenunuliwa. Ushahidi wao? Alikisema chama chake vibaya mbele ya mwajiri. Uchaguzi ulipofika, Obedi akashinda.

Alimfuata Mwantum kuchukua ufunguo wa kabati la tawi, uso umemchangamka.

"Hili la msimu nitalifungua upya. Sijui mlikubali vipi."

"Ulikuwepo mezani, Obedi."

"Nilikuwepo, lakini msemaji ulikuwa wewe."

Mwantum alimkabidhi ufunguo, akavaa glovu zake, akageukia mstari wa madumu. Mwajabu alimsogezea nafasi.